Fungu la Kabanga

Tangu wamzike pacha wake Kabanga, miezi miwili sasa, Sephora hakuwa amedondosha hata chozi moja. Si kwamba alikuwa katili. Kwao, Waluba wa Kasai, pacha haliliwi na mtu. Mama yake, Philomène, alimwonya pale pale mochari, macho yake mwenyewe makavu:

"Usilie, Mbuyi. Ukimulilia, atakuya kumubeba mwenye kumulilia."

Mbuyi ndilo jina la pacha wa kwanza, Kabanga la wa pili. Basi Sephora akanyamaza, akazoea kunyamaza, mpaka moyo ukaingia ganzi. Chakula hakikuwa na ladha. Kila mlo alimkatia mwenzake nusu, akaiweka chini sakafuni. Chini, kamwe si kwa kumnyooshea mkono. Hilo nalo mama alilisisitiza.

Kabla ya homa iliyomwua Kabanga walikuwa wamejiandikisha wote wawili katika mafunzo ya mashua za tanga ya vijana wa parokia. Siku ya kwanza ilipofika, Sephora alitoka Likasi akaenda ziwani Mwadingusha, kwa kuwa hakuona sababu ya kutokwenda. Vijana watano, mashua moja, na mwalimu Stanislas, bwana wa makelele, aliyewatania kwamba wanashika kamba kama watu walioshika nyoka.

Saa kumi na moja wakageuza kurudi. Stanislas akagawa mikate. Sephora alikuwa na kamba ya tanga mkono wa kulia, mkate wa kushoto. Akala nusu. Ya pili angeiweka wapi? Chini mlijaa maji. Bila kufikiri, akainyoosha pembeni.

Ikapokelewa.

Vidole... vya baridi. Na harufu ya ile sabuni waliyomwogeshea Kabanga mochari.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Mkate nao haukuwepo.

"Mbuyi..." Sauti ilikuwa sikioni. "Lia kidogo tu. Nipate njia."

Mashua ikalalia upande wake. Dominique, aliyekaa mbele, akapiga kelele: "Sephora, sogea! Muko bangapi apo?"

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitaka kulia, alitaka sana. Akauma ulimi.

"Hapana, Kabanga," akanong'ona. "Nikienda na weye, Mama atabakia na nani?"

Vidole havikumwachia. Ganzi ikapanda... kiganja, kiwiko, bega.

Mama Philomène alikuwa ufukweni. Alikuja kwa pikipiki baada ya kusikia upepo umechafuka, na aliiona mashua ikiinama. Kikwembe alichojifunga kililowa hadi magotini. Sephora aliposhuka tu, mama akamkumbatia kwa nguvu, na yule mwanamke aliyemzika mwanawe kwa macho makavu akaangua kilio.

"Mwana wangu! Nilisema na weye umeenda! Na weye!"

"Mama, nyamaza! Usilie, Mama!"

Alichelewa.

Bega la Sephora likapata joto. Kisha kiwiko. Vidole vikamrudia kimoja kimoja, vikiwasha. Ilikuwa raha, na Sephora aliichukia raha ile.

Mama akajifuta uso kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulining'inia kando, vidole vimekunjika, kama vimeshikwa na mtoto.

"Ah, hii maji iko baridi hivi?" akauliza, akitabasamu. "Twende ku nyumba. Mwenzako anasema iko na njaa."