Kivuli Chenye Gauni

"Nani amepiga wewe hii picha?"

Nora aliutuma ujumbe huo akiwa dukani kwake, katikati ya vitenge, mjini Koboko. Ikaja tiki moja tu. Huko alikokuwa Igga, mtandao ulikuwa umekatika.

Picha yenyewe ilifika asubuhi. Igga, fundi wa pikipiki wa Arua aliyemkoroga Nora akili mpaka basi, amesimama kando ya pikipiki yake. Nyuma yake ni nyasi kavu na mlima, nyumba hata moja hakuna, na kichwa chake kimekatwa kwenye paji la uso. Chini ameandika: "Karamoja. Niko peke yangu kabisa, mpenzi."

Peke yako, na miguuni pako kumelala kivuli cha mtu? Night Poni, shoga yake Nora, ambaye kwa umbea hana mpinzani, aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Hii kivuli iko na gauni," alisema. "Dada, huyo ni mwanamuke."

Mwezi huo ulikuwa mbaya tayari. Baba yake, mzee Sebit, alikataa kupokea watu wa posa mpaka Soka, kaka wa mama yake, aje kupokea mbuzi wa mjomba, kama desturi inavyotaka. Na Soka alihama Koboko kitambo kwa hasira, kwa sababu Sebit huyohuyo alipomwoa mama yake Nora hakumpa mbuzi wake. Hakuna aliyejua alikoishia. Ndoa imekwama, halafu Igga anaaga kwamba anakwenda kuzunguka nchi kwa pikipiki, apumzishe akili. Nora aliomba waende wote, akakataliwa. Sasa alidhani amejua kwa nini. Alilia, akanawa uso, akalia tena.

Kesho yake simu ikaita. Igga alikuwa amefika Kitgum.

"Nora, kesho jioni naingia Koboko. Ambia mama apike."

"Apikie nani? Wewe na huyo mutu yako?"

Igga akacheka. Alicheka, jamani.

"Ndiyo. Tunakuja wawili."

Nora akakata simu. Akalikunja koti la Igga alilokuwa akilivaa siku za mvua, akaliweka mlangoni, tayari kumrudishia mwenyewe mbele ya huyo mwanamke wake.

Kesho yake jioni pikipiki ikaingia uani, nyekundu kwa vumbi. Nora alikuwa amesimama na koti mkononi. Nyuma ya Igga, shuka ya mistari ilipepea magotini kama gauni kabisa, na ndani ya shuka hiyo alikuwamo mzee mrefu, mwembamba, mwenye pua ya mama yake Nora.

Mama mwenyewe, Paska, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Soka?"

"Paska. Mimi nimekuja."

Dada akamwangukia kaka yake kifuani, mwiko na yote. Walipomaliza kulia, mzee akamgeukia Nora.

"Mimi nilikataa," alisema. "Huyu kijana alitafuta mimi kijiji kwa kijiji, akalala kwa mulango yangu. Nikauliza yeye, baba ya musichana ndiyo ametuma wewe? Akasema hakuna mutu anajua niko hapa, hata Nora. Akasema, ukikataa, nitarudi, nitasema niliona milima tu."

Koti likamdondoka Nora.

Mzee Sebit alikwenda nyuma ya nyumba akarudi akivuta mbuzi wawili kwa mkono wake mwenyewe.

"Shemeji, nilikosa," alisema. "Hii ya mama. Hii ya mutoto."

Soka alizishika kamba zote mbili. Mama Paska akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

"Mbona hukuniambia?" Nora alimuuliza Igga.

"Ningekosa yeye, ungelia tena."

"Nimelia, Igga. Nimelia kwa sababu ya shuka ya mjomba."

Alimkumbatia na vumbi lake lote, mbele ya wazee, bila aibu.

Siku ya arusi mjomba Soka alimsogeza mpiga picha pembeni, akaomba simu apige mwenyewe. Picha hiyo ndiyo imetundikwa sebuleni kwao, Ayivu, huko Arua. Suti ipo, shela ipo, vichwa havipo, na kivuli chenye gauni kimelala miguuni pao. Mgeni akiuliza nani aliyepiga picha mbaya namna hii, Nora hujibu bila kucheka.

"Ni ule mwanamuke yake ya Karamoja," anasema, kisha anakwenda kuleta chai.