Chumba cha Leza Nyumbani kwa Kowsar

Nyumba ya Kowsar pale Waberi, mjini Garissa, haikukosa watu. Birika la chai halikupoa. Aliyetoka Liboi na mzigo wake alipumzika hapo. Aliyetaka kujua nani ameposwa na nani ameachwa, alipita hapo kwanza. Kowsar alipenda hivyo. Nyumba ikiwa kimya, alihisi kama kuna msiba.

Mwaka wa 1999 alipata wageni wa aina nyingine. Daktari wa macho, Abdijabar, alikodi vyumba vyake viwili vya mbele. Alifungua kliniki ya muda mfupi, na kutoka Nairobi alileta mashine ya leza. Mtaa mzima ukaanza kuizungumzia. Wengine walisema ni moto, wengine wakasema ni umeme wa mvua uliofungiwa ndani ya sanduku.

Kowsar alisikiliza porojo zote, lakini moyo wake ulikuwa kwa mama yake, Weris. Mama huyu alikuwa mfugaji huko Diff. Miaka ya nyuma alipasuliwa mtoto wa jicho, akaona vizuri kabisa. Kisha ukungu ukarudi polepole. Sasa ukimwita, aligeukia sauti, uso hakuuona. Aliposhuka kwenye lori la mbuzi Garissa, ilibidi ashikwe mkono kama mtoto.

Daktari alimpima akampa matumaini.

"Hooyo," alimwambia, kwa maana mama wa mtu huitwa hivyo na kila mtu, "mtoto wa jicho hajarudi. Nyuma ya ile lenzi uliyowekewa kumeota utando, kama vumbi kwenye kioo cha dirisha. Leza ni nuru kali. Itatoboa tundu dogo katika utando huo. Hakuna kisu."

"Na jicho likitobolewa halitavuja?" akauliza Weris.

"Halitavuja. Kinachotobolewa ni utando tu."

Akapangiwa siku. Kowsar akafurahi, na furaha yake huwa haikai kimya. Chumba cha leza alikiona kitupu kama selo ya polisi, akatundika kile kioo chake kikubwa cha harusi ukutani. Kila alfajiri aliingiza chetezo cha uunsi, ule ubani wa Kisomali, akafunga mlango hadi kuta zikanukia. Mgeni anayeheshimiwa hufukiziwa, na daktari ni mgeni. Kisha akatandika mkeka karibu na mlango, majirani wakakaa kutazama wagonjwa wakitibiwa. Daktari aliona yote hayo, lakini alimwonea haya mwenye nyumba.

Siku ya Weris ilipofika, mkaguzi akabisha hodi. Alikuwa Amran, binti wa Wajir, kazi yake kukagua usalama wa kliniki na vyombo vyake. Kowsar alimwekea chai. Amran akashukuru, akasema atakunywa akimaliza kazi. Hilo tayari lilimchoma Kowsar.

Amran aliingia chumba cha leza, akasimama mlangoni akivuta pumzi. Akakitazama kioo. Akautazama mkeka na waliokaa juu yake. Aliwaomba kwa upole watoke, kisha akamwambia daktari awashe taa ya kulengea. Vitone viwili vyekundu vikatokea kwenye kadi nyeusi. Vilitakiwa vikutane viwe kimoja. Vilikutana, lakini vilikuwa vimefifia na kusambaa kama taa nyuma ya moshi. Akachukua karatasi laini nyeupe, akaipitisha juu ya lenzi ya mashine. Ikatoka na rangi ya kahawia.

"Mara ya mwisho uliipima lini?" akamuuliza daktari.

Daktari akakiri kwamba aliipima siku alipofika. Baada ya hapo, wagonjwa walikuwa wengi.

"Basi leo hatibiwi mtu hapa," akasema Amran.

Habari zilimfikia Kowsar jikoni kabla mlango haujafungwa. Akaona dunia imemgeukia. Mashine ilikuwa karibu kurudi Nairobi. Kama haitaruhusiwa, mama yake angerudi Diff na ukungu wake. Na mtaani wangesema nyumba ya Kowsar ni chafu. Amran alipoingia jikoni, alimkuta amempa mgongo.

"Kikombe chako kimepoa," akasema Kowsar. "Kama nyumba yangu ni chafu, ungeniambia mimi, usimwadhibu mama yangu."

"Nyumba yako ni safi kuliko ofisi yangu, abaayo," akajibu Amran. Abaayo ni dada, na alilitamka kama dada. Akamnyooshea ile karatasi. "Nusa."

Kowsar alinusa. Ilikuwa uunsi yake mwenyewe, ile aliyoipika kwa mikono yake. Akakaa kwenye kigoda.

"Uunsi tunaipika na sukari," Amran akaendelea. "Moshi wake hunata. Umenata kwenye lenzi ya mashine. Nuru ikipita hapo hutawanyika, haifiki sawasawa pale daktari anapolenga. Akiona haifanyi kazi, ataongeza nguvu. Nguvu ikizidi, inaweza kuharibu lenzi ya jichoni, au kitu kibaya zaidi."

"Na kioo kimekosa nini?"

"Nuru ya leza hii haionekani. Ikipiga kioo inarudi, na aliyekaa mkekani hawezi kufumba jicho kukwepa asichokiona. Ndiyo maana muuguzi huvaa miwani ya kinga, na mlango hufungwa. Watu walikuja kutazama macho ya wenzao. Sikutaka waondoke na maradhi ya macho yao wenyewe."

Kowsar akatazama kuelekea chumba cha leza. Aliwafikiria majirani mmoja mmoja pale mkekani. Aliwaalika yeye mwenyewe. Kisha akauliza ni nini kifanyike ili mama yake atibiwe.

Mchana huo kioo kilishuka. Fundi aliyekuja na mashine kutoka Nairobi alisafisha lenzi kwa dawa yake. Dirisha liliwekwa pazia zito, na mlangoni kikabandikwa kibao cha hatari. Chetezo kilihamia uani, mbali na kliniki, na mkeka nao ukahamia kivulini huko huko. Kowsar akajipa kazi ya kulinda mlango.

Jirani yake Sadiyo akaja kumchokoza. "Nasikia mashine ni mbovu. Na wewe umefungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe."

"Mbovu ni ile isiyopimwa," Kowsar akamjibu. "Hii imekataliwa mpaka itengenezwe. Unajua ni wakaguzi wangapi wangeikubali tu ili wasituudhi? Kaa uani, chai ipo. Huku hupiti, hata ukiwa mama mkwe wangu."

Maneno hayo yakazunguka Waberi kuliko tangazo lolote.

Kesho yake asubuhi Amran alirudi. Mashine ikapimwa tena. Vitone viwili vikakutana, vikawa kimoja chenye ncha kali. Alimwagiza daktari apime hivyo kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza, hata foleni ikifika barabarani. Daktari akakubali, akamshukuru mbele ya watu wote. Kisha Weris akaitwa.

Kowsar alibaki nje, mgongo wake mlangoni. Uani watu walikaa kimya, na safari hii kimya hakikumtisha. Haikuchukua muda mrefu. Muuguzi alimtoa Weris akiwa na dawa ya matone mkononi. Alimkumbusha kwamba akisikia maumivu au akiona vimulimuli vya mwanga asingoje, arudi mara moja. Mboni ilikuwa imepanuliwa kwa dawa, basi wakamwambia apumzike, ataona vizuri baadaye.

Jioni hiyo Kowsar alimletea chakula. Weris hakunyoosha mkono kupapasa sahani. Alimtazama binti yake usoni, akamtazama kwa muda mrefu.

"Una mvi," akasema. "Umezeeka, na hakuna aliyeniambia."

Kowsar alicheka huku akilia. Amran, aliyekuja kuaga, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya moto. Weris akauliza yule ni nani.

"Ndiye aliyekuzuia jana, hooyo."

Weris akafungua viganja vyake. Alimwombea dua ndefu, yeye na watoto wake na watoto atakaowazaa, na watu wote waliokuwa uani wakaitikia amina.