Kichupa cha Terbiamu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ofisi ya vifurushi mjini Embu ilijaa watu hadi mlangoni. Kendi, mtafiti wa kemia chuoni, alifika kaunta akiwa na sweta ya manjano na kichupa kilichozibwa kwa nta. Alimweleza karani, Munyi, kwamba ndani mna unga wa terbiamu, metali adimu, na kila molekuli yake ni sumaku. Alikuwa ameutengeneza kwa miaka miwili. Huko Ulaya ungepigwa na nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomi, na mtawanyiko wake ungeonyesha atomi zilizomo zinavyovutana.

"Sumaku hazipandi ndege ovyo," Munyi alisema. "Lakini niachie namba, nitajaribu."

Kendi alicheka, akamwachia.

Kifurushi kilienda. Kwa miezi mitatu walipigiana simu kila jioni, na Jumamosi walikula chapati kwa ndengu. Munyi alimtania kwamba terbiamu ndiye mpenzi wake wa kwanza. Kendi naye alimfundisha kuogopa unyevu, maana haidrojeni iliyo kwenye maji hutawanya nyutroni nyingi mno hadi matokeo mengine yote yafunikwe.

Kisha Oscar, mshirika wake wa Ulaya, akapiga simu. Unyevu ulikuwa umeingia kichupani, na grafu haikuonyesha chochote. Siku nne Kendi alijilaumu kwamba hakuziba vizuri. Siku ya tano Munyi alimfuata nje ya maabara.

"Ni mimi nilifungua kichupa kabla hakijaenda, Kendi. Nilijaribu kama unga utavuta msumari. Haukuvuta, nikaandika kwamba si sumaku, ndio watu wa ndege wasiurudishe."

"Huwa sumaku kwenye baridi kali tu, Munyi. Miaka miwili."

Kendi hakupaza sauti. Alienda kijijini kwao, Kibirichia, akazima simu.

Jumamosi Munyi alimkuta shambani akichimba viazi na mama yake, gambuti miguuni zimejaa tope. Aliomba msamaha, kisha papo hapo akamwomba Kendi waoane.

"Niulize siku ambayo sina hasira," Kendi alimjibu.

Munyi alirudi wiki iliyofuata, akajibiwa vilevile. Kendi alikuwa ameanza kutengeneza unga upya chuoni, fungu la kwanza likaharibika, na foleni ya kupimiwa kwa nyutroni huko Ulaya ilikuwa ya mwaka mzima.

Jumamosi ya tatu Munyi alishika jembe, akachimba viazi.

"Leo huulizi?"

"Naona hasira bado iko."

"Iko, na itakaa." Kendi alijipangusa udongo mikononi. "Lakini ungenyamaza, ningekuwa najilaumu mpaka sasa. Uliza."

Munyi akaweka jembe chini, akauliza.