Mara Tatu Begani

Vital alipomgonga Faraj begani mara tatu, Faraj alicheka na kukanyaga mafuta.

Tangu watoke Arlington jana yake walikuwa wakiucheza mchezo huo. Nyuma ya pikapu walikuwa wanavuta trela lililozibwa pande zote, na ndani yake mlikuwa na gari la mashindano la mwaka 1907. Vital, fundi wa kutoka Bukavu, alikuwa amelikarabati kwa miezi minane, na sasa lilikuwa linarudishwa kwa mwenyewe, Houston. Alikuwa pia na kitabu cha Kifaransa alichokiandika dereva wa gari hilo, mtu aliyeitwa Anselme Courvoux, na njia nzima alimtafsiria Faraj. Faraj, mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa Euless, mji jirani na Arlington, alikuwa ameshika usukani miaka ishirini. Alipenda habari za madereva, hasa zile alizoweza kuzibishia.

Courvoux alikuwa mtoto wa muuza baiskeli. Alianza kwa mbio za baiskeli, akahamia kwenye magari zama zile barabara ni vumbi tupu na kuku wanakatiza mbele ya magurudumu. Gari halikuwa na paa wala kioo. Fundi alikaa ubavuni mwa dereva, akisukuma oili kwa pampu ya mkono na kuangalia nyuma. Injini ilinguruma hata wasisikizane, basi fundi alisema kwa mkono: mara moja begani, kuna gari nyuma; mara mbili, punguza; mara tatu, simama. Fundi wa Courvoux aliitwa Baptistin. Walishinda pamoja miaka sita. Katika mbio za mwisho, Courvoux akiwa anaongoza, aligongwa begani mara tatu. Hakusimama. Alipovuka mstari na kugeuka ili wapongezane, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

"Mwendawazimu huyo," Faraj alisema. "Mimi ningesimama."

Basi Vital akaanza kumgonga. Mara tatu akitaka kahawa. Mara tatu akitaka kujisaidia. Mara tatu kwa sababu ameona ng'ombe mzuri. Kufikia Jumapili asubuhi kugonga kule hakukuwa na maana tena, na hapo ndipo kosa lao lilipozaliwa.

Ilikuwa Agosti 2017, na dhoruba waliyoiita Harvey ilikuwa imeukalia mji. Usiku walilala kwenye kituo cha mafuta kaskazini mwa Houston. Asubuhi mvua ikapungua kidogo, zimebaki maili nane, na Faraj alikuwa ameahidi kufika. Barabara iliinama kuelekea chini ya daraja, na pale chini palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Grand frère, kaka yangu, simama," Vital alisema. "Maji iko natembea."

"Acha woga bwana! Mwaka wa El Niño nimevuka Mtito Andei barabara imekatika vipande viwili. Haya ni maji ya kunawia miguu."

Vital akamgonga mara tatu. Faraj akacheka.

Maji yaliingia kwa milango, injini ikakohoa na kuzima. Kisha trela likaelea, likageuka ubavu na kuanza kulivuta pikapu nje ya barabara, kuelekea kwenye mto uliokuwa umevunja kingo zake.

"Tulikate!" Vital alipiga kelele. Alitoka kwa dirisha, akajishikilia ubavuni mwa gari hadi nyuma, akaing'oa pini iliyofunga trela. Mkondo ukalisukuma trela kwa nguvu, ukambana mguu wa kushoto kati ya chuma na chuma. Faraj aliusikia mfupa kabla ya kumsikia mtu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mwenzio.

Faraj alitoka kwa dirisha akamfuata, na pikapu likaenda zake na maji. Trela lilikwama kwenye nguzo ya zege, na Faraj akamkokota Vital juu ya paa lake, akikanyaga tairi, kisha bawaba za mlango. Aliufunga mguu kwa mkanda wa suruali, juu ya jeraha. Chini ya goti mfupa ulikuwa umetokeza, mweupe, na mvua ikauosha ukabaki mweupe vilevile.

Walikaa hapo asubuhi nzima. Maji ya kunywa hayakuwa shida. Faraj aliyakinga kwa kofia na kumnywesha. Shida ilikuwa baridi, na harufu ya dizeli na vyoo, na siafu wekundu. Walikuja wakielea juu ya maji, wameshikana kwa maelfu kama mkeka, na kila mkeka uliogusa trela ulipanda. Faraj aliwapangusa kwa viganja hadi viganja vikavimba.

"Usilale, ndugu yangu."

"Silali. Simu?"

"Imeenda na gari."

Kiasi cha adhuhuri wakasikia mashine ya boti, mbali, nyuma ya miti. Faraj alipiga ukelele, mvua ikaumeza.

"Honi," Vital alisema. "Ya gari la Courvoux. Ile ya shaba. Inalia sana."

Mlango mdogo wa trela ulikuwa ubavuni, nusu yake majini. Kuingia humo ni kumwacha Vital peke yake juu ya bati lenye utelezi. Wakatazamana.

"Nenda. Nitagonga kwa paa. Tatu, unarudi."

"Tatu, narudi."

Ndani palikuwa giza, maji kifuani. Gari la Courvoux lilikuwa limekatika kamba moja na lilipiga ukuta kila mkondo uliposukuma. Faraj alipapasa usukani, akaipata honi. Ilishikwa na nati mbili. Ya kwanza ilifunguka kwa vidole, ngozi ikabaki kwenye chuma. Mashine ya boti ilisikika karibu sasa, karibu kabisa. Akaishika ya pili, ikaanza kulegea.

Juu ya kichwa chake, paa likagongwa. Mara moja. Mara mbili. Kimya kikapita, kisha ya tatu, hafifu.

Faraj hakuwahi kukitaka kitu maishani kama alivyolitaka boti lile. Mzunguko mmoja tu, alijiambia, miwili. Huenda jamaa ana hofu tu. Huenda anatania, kama kwa yule ng'ombe. Akaiachia nati na kutoka.

Vital alikuwa ameshateleza. Siafu walikuwa wamempanda shingoni, amejiviringisha kuwakimbia, na sasa kiwiliwili chote kilikuwa majini, vidole vinne vimeng'ang'ania ukingo. Kidole cha tatu kilikuwa kinaachia Faraj alipomdaka kwa ukosi wa shati. Akamvuta, akamlalia kwa uzito wake wote, akilia kama mtoto bila kuona haya. Nyuma ya miti boti lilipita, sauti ikapungua, ikaisha.

Vital akauliza, "Honi?"

"Imebaki."

"Boti?"

"Limeenda."

Vital alifumba macho. "Lakini ulirudi," alisema.

Boti jingine lilikuja alasiri, la uvuvi, lina mume na mke ambao hawakuwa askari wala nani, watu tu waliokuwa na boti. Mke alipouona mguu aligeuza uso. Hospitali waliukata chini kidogo ya goti. Laiti angefika mapema kwa saa nne, daktari alisema, labda ungeokoka. Faraj alilisikia hilo akiwa amesimama mlangoni, nguo zake bado zinachuruzika matope, na tangu siku hiyo hajalisahau.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, alimpeleka Vital kujaribu mguu wa bandia. Huwa anaendesha polepole siku hizi. Malori yanampigia honi na yeye anayaachia njia.

"Hukuniambia yule Mfaransa aliishaje," alisema.

"Dibaji ilisema aliishi miaka thelathini baada ya pale. Hakushika usukani tena. Akipewa lifti, alikaa kiti cha Baptistin."



Barabara ilikuwa kavu, jua linawaka, hakuna gari mbele wala nyuma. Vital alinyoosha mkono, akamgonga begani mara tatu.

Faraj akawasha taa za hatari, akaingia pembeni, akasimama. Aliangalia mbele, akaangalia kwenye vioo, akaangalia mguu.

"Kuna nini?"

"Hakuna," Vital alisema. "Twende."

Faraj hakuondoka mara moja.