Mgeni Asiyemaliza Sahani

Mafuta ndiyo yaliyosikika kwanza. Chaaa! Kisha sauti ya mama mpishi ikapaa juu ya foleni nzima:

"Muhogo kipande kimoja? Dada, nyumbani unafuga kifaranga?"

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa Ijumaa mchana, na mkahawa wa kando ya soko la Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, ulijaa hadi mlangoni. Lesieli, katika gauni jeusi la ofisini na kiekie, mshipi wa heshima wa kwao, ya nyuzi za dhahabu kiunoni, alihisi masikio yakimwaka.

"Kimoja," alirudia. "Na samaki wa kuchoma. Usimwagie tui."

"Bila tui!" mwanamume akasema nyuma yake. "Huyo samaki amekukosea nini?"

Aligeuka amjibu vibaya. Akakuta mabega mapana, shati la bandarini lenye doa la grisi, na macho yanayocheka bila dharau.

"Hajanikosea. Nimemwonea huruma, ameogelea vya kutosha."

"Haya, naitwa Kepueli. Hilo tui lako nitalinywa mimi."

Ndivyo walivyoanza. Kila Ijumaa Kepueli alimpeleka kula, maana kwao mwanamume hasemi "nakupenda" mpaka awe amekulisha. Lesieli alikula nusu, akamsogezea iliyobaki.

"Malkia wangu, utapeperushwa na upepo."

"Nataka kupungua tu. Kula, zee langu, wewe ndiye jaa langu."

Alicheka akisema hivyo, lakini moyo haukucheka. Kaka yake, Maka, figo zilikuwa zimemfia. Daktari wa Auckland alisema figo ya Lesieli inamfaa, ila mwili wake upungue kwanza. Bila hivyo kisu hakigusi. Na Maka hakutakiwa kujua kabla hajalazwa kule. Kwao Tonga dada ni mkubwa wa kaka hata akizaliwa wa mwisho. Kaka hakai naye chumba kimoja, seuze kubeba kipande cha mwili wake. Akijua mapema, angekataa, na angekufa akiwa amekataa. Siri ikimfikia mtu mmoja mjini asubuhi, jioni inaimbwa kanisani. Kwa hiyo alinyamaza.

Jumamosi moja Kepueli alimleta mama yake, Seini, kwenye mkahawa wa ufukweni. Mama alikuja na mkeka mpya umefungwa kiunoni, vazi la heshima la kwao, nywele zinanukia mafuta ya nazi. Nguruwe mchanga alipoletwa, ngozi ikimetameta, alikata mgongo kwa mkono wake mwenyewe akauweka mbele ya Lesieli. Mgongo hupewa mgeni wa heshima. Meza nzima ikangoja.

Lesieli alitazama mafuta yakitiririka. Wiki iliyofuata alitakiwa kwenda kupimwa uzito. Akamega kidogo, akameza. Kisha mkono, kwa mazoea ya Ijumaa zote zile, ukasukuma sahani kwa Kepueli.

Seini aliweka kisu chini taratibu.

"Mwanangu, nimekupa kiti, nawe umekiinua ukampa mwingine. Sawa. Tumekuelewa."

Akaondoka na mkeka wake mpya. Nje, Kepueli alimgeukia Lesieli.

"Hukumkataa mama. Umenikataa mimi, mbele ya watu!"

"Sivyo, mpenzi."

"Ni vipi basi? Unajikondesha kwa ajili ya nani? Sema!"

Lesieli akamkumbuka Maka.

"Siwezi."

Lesieli alimpigia Kepueli simu usiku huo na kesho yake. Haikupokelewa.

Katikati ya wiki Maka alikuja, miguu imevimba kama magunia. Aliketi barazani kwa Lesieli, akazungumza na ukuta kama ilivyo adabu ya kaka kwa dada.

"Dada, nasikia umekonda. Usiache kula kwa sababu ya mwanamume."

"Nakula, Maka."

"Kula kweli. Mimi siku zangu nazijua. Nikiondoka, nani atawalea wanangu kama si wewe? Nataka nikuache una nguvu."

Lesieli aling'ata ncha ya nguo yake asisikike. Alipoondoka kaka yake, alikwenda moja kwa moja hadi geti la bandari.

Kepueli alitoka amekunja uso. "Umekuja kunirudishia nini?"

"Nimekuja kukupa roho ya mtu. Ukiiangusha, imevunjika."

Akamweleza yote, palepale kando ya makontena. Uso wa Kepueli ulilegea kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo na kubebeshwa mzito zaidi.

"Kumbe nilikuwa nakusukumia sahani..." Akajifuta grisi mikononi. "Na mama? Amelia siku nzima. Niruhusu nimwambie yeye peke yake."

"Mama yako na mama mkwe wa Maka wanaimba kwaya moja."

Kepueli alijua ni kweli.

"Atakuita mwenye kiburi mbele ya wote, Lesieli."

"Na aniite. Maka akipona nitakwenda kumwangukia miguuni. Akifa kwa sababu siri ilivuja, sitakuwa na la kumwambia."

Kepueli alivua kofia. Akamshika mikono yote miwili, wachukuzi wakiangalia.

"Unisikilize. Sitamwambia mama. Akikusema vibaya nitakaa upande wako nisiseme kwa nini, na kama ni kunifukuza nyumbani, na anifukuze. Nitakwenda nawe Auckland. Watakapokutoa kwenye chumba cha upasuaji, ukifumbua macho, mtu wa kwanza utakayemwona ni mimi, nami nitakuomba nikuoe. Nakuahidi, Lesieli. Nakuahidi."