Uso Kwenye Beseni la Rangi

Rangi zilianza kusogea kabla Theopista hajazigusa.

Alikuwa ameinama juu ya beseni, njiti mkononi, chumbani kwake, mtaa wa Gerezani. Mwaka ule vitenge viliadimika madukani, naye alikuwa akitengeneza vya kwake: anachemsha bamia mpaka maji yawe mazito, anadondosha juu yake rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa, rangi inaelea, anaichora kwa njiti, kisha analaza kitambaa cha marekani kinyonye mchoro. Leo mchoro ulijichora wenyewe. Nyekundu ilizunguka taratibu, nyeusi ikaifuata, hata pakatokea uso wa mwanamke, mdomo wazi.

Alidhani ni upepo. Akalaza kitambaa, uso ukatoka nacho. Akalaza cha pili. Ukatoka uleule, mdomo umepanuka zaidi.

Chumba kikaanza kunukia marashi, na nyuma ya marashi, matope.

Bi Sitara, mwenye nyumba, alipoitwa aone, hakuvuka kizingiti.

"Maji haya umeyatoa wapi, Mama Winifrida?" alinong'ona.

"Bomba limekauka tangu juzi. Nilifunua kile kisima cha uani."

"Marehemu mume wangu alikifunika kwa mikono yake. Mle yumo mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Bi Sitara alimziba mdomo kwa kiganja. "Usimuulizie. Anasikia."

Akatoka kwenda Ilala kumwita Mzee Mbaruku, msomaji wa dua. Theopista alibaki na bintiye Winifrida, wa miaka mitano, aliyelala mkekani. Akashika rozari yake. Ndipo aliposikia kucha zikikwaruza beseni kwa ndani, akachungulia bila kutaka, akaona uso wa mwanamke umeyeyuka na rangi zinakusanyika upya, nyusi, pua, kidoti cha shavuni, mpaka zikawa Winifrida, macho yamefumbwa, na kadiri uso ule ulivyotulia juu ya maji ndivyo pumzi za mtoto pale mkekani zilivyozidi kuwa fupi na za mbali, kama za mtu anayezama.

Mzee Mbaruku alipofika alimkuta amemkumbatia mtoto aliyekuwa baridi. Akachungulia beseni.

"Anataka maji yake," alisema. "Yarudishe wewe mwenyewe, na vitambaa vyote."

Beseni lilikuwa zito kama limebeba mtu. Theopista alilikokota mpaka uani huku mzee akisoma nyuma yake, akamimina maji kisimani na kuvitupa vitambaa humo. Kutoka chini kisimani kulisikika sauti ya mtu anayemeza. Chumbani Winifrida akakohoa, akatapika maji meusi, akamwita mama yake.

Walifunika kisima kwa jiwe.

"Ametoka?" Theopista aliuliza.

"Ametoka kwenye beseni," alijibu mzee, asimtazame.

Jioni alimwogesha mtoto. Mgongoni mwake palikuwa na michirizi, nyekundu na nyeusi. Akasugua kwa sabuni. Michirizi ikakwepa vidole vyake, ikajikunja chini ya ngozi, ikaanza kuzunguka taratibu.

"Mama," Winifrida alisema kwa upole, "usimsugue. Unamuumiza."