Kiti cha Sauti ya Sihaba

Jua lilikuwa linazama Dadi alipofika Makurunge kwa baiskeli, suruali yake ya bugaluu imejaa vumbi. Alifuata wimbo mpya kwa Sihaba. Sihaba ndiye aliyetunga nyimbo zote za soul za bendi yao, kisha akawekwa nyuma kuitikia. Dadi alisimama mbele, na redioni likatajwa jina la Dadi. Mwizi huyo hakuwa na haya hata chembe.

Kesho walikuwa wanarekodi Dar es Salaam.

"Hodi!"

"Karibu, kaka Dadi. Wimbo wako upo."

Ndani ubani ulimkaba koo.

"Nifuatishe," Sihaba alinong'ona, akaanza. *Njoo mgeni, kiti kimefagiwa...*

Dadi alishtuka. Nani asiyejua Bagamoyo kuwa pepo huitwa kwa wimbo, na mtu anayepandwa na pepo huyo ndiye kiti chake? Angetoka palepale. Lakini wimbo ulikuwa mtamu, na tamaa mbele, mauti nyuma. Akafuatisha.

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia..."

Kila aliporudia, sauti ya Sihaba ilififia. Mwishowe midomo yake ilicheza tu.

Kitu cha baridi kikamshuka Dadi kooni.

Koroboi ikazimika. Alipapasa mlango, akaparamia baiskeli, akakimbia bila kuaga.

Asubuhi, studioni, magitaa yalianza. Dadi akafumba macho, akafungua kinywa.

Ikatoka sauti ya mwanamke.

Wenzake waliitambua, ila hakuna aliyethubutu kuacha kupiga. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji wa redio aliyekuwa akiwarekodi aliuliza, "Nimtaje nani?"

Dadi akajitahidi kusema jina lake. Jina likakataa kutoka.

Mwinyijuma, mpiga ngoma, akanong'ona, "Sihaba?"

"Labeka," Dadi akaitika, kama waitikavyo wanawake.

Jioni ya Ijumaa, redio ya jirani ilitangaza wimbo mpya wa Sihaba. Sihaba alikuwa uani, bubu tangu usiku ule. Kulisikia jina lake, baada ya miaka yote ya kudhulumiwa! Furaha ikamjaa, chungu na tamu. Akafungua kinywa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Uani palikuwa kimya.

Bagamoyo mjini, Dadi alikuwa anakula na mkewe Zaina. Tonge likamdondoka. Kinywa kikamfunguka chenyewe, akaanza kucheka kicheko cha mwanamke, huku macho yake yakimwomba Zaina msaada.